Gesi Haiishi Yenyewe

Mjomba wangu ni fundi friji hapa Ngarenaro, na likizo huwa nambebea begi la vifaa. Juzi tuliitwa na mama mmoja mwenye bucha. Friji lake la nyama lilikuwa halipoi, na fundi mwingine alishalijaza gesi mara mbili. Hela imeenda, nyama inaharibika, na marejesho ya kikoba yanamsubiri.

"Mama, gesi siyo dizeli," mjomba akamwambia. "Haiishi kwa kutumika. Ikipungua, ujue kuna mahali inavuja."

Hakukimbilia mtungi. Alipima umeme, akaangalia feni, akapiga brashi kondensa iliyojaa vumbi. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba. Ungio moja likatoa mapovu. Kumbe ndiyo hapo! Akavuta gesi iliyobaki kwenye mtungi, akachomelea, akaondoa hewa kwa pampu, ndipo akajaza. Gesi hizi zikivuja huongeza pia joto la dunia. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana Kigali kuzipunguza.

Mimi nasomea ualimu. Mtoto akifeli tunampa tuisheni, akifeli tena tunamwongezea nyingine. Nani amepaka sabuni kwanza? Huenda haoni ubao, huenda anakuja na njaa, huenda Kiingereza cha kidato cha kwanza kimemwacha njiani.

Wenzangu wa ualimu, tunakaribia kwenda field. Kabla hujapendekeza tuisheni, kaa na mtoto, umuulize anakwama wapi.