Amana ya Jina

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakusema mwana wa nani. Kiswahili hakikulifunga neno kulea kwa kamba ya damu: hulea mama, hulea shangazi, hulea bibi, hulea jirani, na kila mmoja wao ni mlezi. Lakini neno hili lina mwenzake wa karibu, nalo ni amana. Aliyewekewa amana huitunza kama mali yake, ilhali anajua si mali yake. Na siku mwenyewe akija, huikabidhi kama alivyoipokea. Ugumu wote wa kulea mtoto wa mwingine umo baina ya maneno hayo mawili. Nchi ya Mpanda, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Katavi, imeujua ugumu huo kwa zaidi ya karne moja.

Katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, magharibi mwa mkoa huo, ipo Karema. Wabelgiji walijenga kituo hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 wakakikabidhi kwa Mapadri Weupe. Misafara ya watumwa ilikuwa ingali ikivuka ziwa na kushika njia ya Tabora hadi pwani. Mapadri waliwakomboa watoto kwa bei, wakawapa chakula, nguo, elimu na jina la ubatizo. Hapana shaka waliokolewa. Lakini kukombolewa si kurudishwa. Mtoto aliyetekwa angali mdogo aghalabu hulijua jina la mama yake kuwa ni Mama tu, na kijiji chao kuwa ni Nyumbani. Na kwa majina hayo mawili hakuna njia inayoweza kutafutwa.

Hapo Karema alifika mwaka 1889 tabibu aliyeijua hali hiyo kwa nafsi yake. Adrian Atiman alizaliwa kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu. Alitekwa utotoni, akavushwa jangwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria na kusomeshwa uganga Malta. Aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Jina la Adrian alipewa. La Atiman alitoka nalo kwao. Watu wa ziwani walimjua kwa hilo la pili.

Huku Unguja nako palikuwa na watoto wa namna hiyo. Katika shule ya misheni ya Kiungani walisoma wavulana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, nao waliandikishwa habari za makwao na za kutekwa kwao. Mwaka 1887 A. C. Madan, yule mtunga kamusi, alizitoa habari hizo kwa Kiingereza katika kitabu. Mfasiri aliweza kuyahamisha maneno yao hadi London. Wao wenyewe hakuweza kuwahamishia kwao. Hata hivyo kazi ile ina funzo: mtoto akiulizwa mapema, angali anakumbuka, husema mengi. Asipoulizwa, miaka humfuta.

Funzo hilo lilirudi Mpanda kwa mlango mwingine. Mwishoni mwa Aprili 1972 mauaji makubwa yalianza Burundi, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi katika misitu ya bara: Ulyankulu huko Tabora, Katumba tangu mwaka 1973, na Mishamo tangu mwaka 1978. Hayo mawili ya mwisho yako katika Katavi ya leo. Katika mbio za namna ile mtoto hushika mkono ulio karibu, na mkono huo si lazima uwe wa mama yake. Usiku wa kwanza anakuwa mtoto wa kusaidiwa; mwezi wa kwanza, mtoto wa kulelewa; mwaka wa tano, jirani hawajui tena kama si wa nyumba hiyo. Hakuna ofisi iliyoamuru jambo hilo, wala aliyelipwa kwalo. Nyumba yenye wana watano ikawa ya sita, na jembe likalima zaidi.

Mtaalamu Liisa Malkki, aliyefanya utafiti wake Mishamo na Kigoma mjini mwaka 1985 na 1986, alieleza tofauti iliyomshangaza. Wakimbizi wa mjini walijichanganya na wenyeji, na wengi waliona salama zaidi kuwa na jina zaidi ya moja. Wa Mishamo walisimuliana historia yao kila siku, wakaishikilia kama mtu anayeshika kitasa cha mlango asije akafungiwa nje. Kila njia ilikuwa na sababu yake, kwani mkimbizi hulindwa mara kwa kujificha na mara kwa kukumbuka. Ila kwa mtoto asiye na wazazi kando yake, njia hizo mbili hazikuwa sawa. Mwenye wazazi anaweza kubadili jina na bado akajua alikotoka. Yatima wa njiani akibadilishwa jina, hana kingine.

Gharama yake ilidhihirika baada ya miaka thelathini na mitano. Mwaka 2007 watu wapatao 218,000 wa mkimbio ule waliokuwa wangali wakiishi katika makazi hayo matatu, pamoja na watoto na wajukuu zao, waliulizwa: kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania? Zaidi ya 160,000 walipewa uraia, ingawa vyeti vyao vilianza kutolewa Oktoba 2014 tu. Zaidi ya 50,000 walirudi katika mwaka 2008 na 2009, wengine kwa treni kutoka Katumba hadi Kigoma. Kule Burundi mtu hujulikana kwa kilima chake. Ardhi hufuata jina la baba, na jina la baba hufuata kilima. Aliyeweza kukitaja kilima alikuwa na pa kuanzia, ijapokuwa shamba lilikuwa na mlimaji mwingine na shauri lake likawa refu. Asiyekijua hakuwa hata na wa kumshitaki. Wasio na ardhi, na wasioweza kuonyesha asili yao, walipelekwa katika vijiji vipya vilivyoitwa vijiji vya amani. Basi jina halikuwa pambo la kumbukumbu. Jina lilikuwa shamba.

Mama mlezi aliyekuwa akimwambia mtoto kila jioni, "Baba yako ni fulani, na kilima chenu ni fulani," alimwekea akiba ambayo hapana shirika lingeweza kumpa. Na aliyenyamaza, aghalabu alinyamaza kwa mapenzi. Alihofu kwamba mtoto akijua, atamwona mgeni, au kwamba siku moja atatokea mtu mlangoni na kusema, "Huyu ni wangu." Hofu hiyo ni ya haki, wala haistahili kukemewa. Hustahili kusaidiwa.

Hapa ndipo msaada kwa familia za walezi hukosewa mara nyingi. Hudhaniwa kuwa ni magunia ya mahindi na sare za shule. Hivyo navyo vinahitajika, na busara ni kuvipeleka kwa nyumba nzima, kwani mtoto mmoja akipewa viatu na wenzake wakabaki pekupeku, umempa viatu na umemnyang'anya ndugu. Lakini kuna msaada wa pili: mtu wa kuandika mapema yote anayoyakumbuka mtoto, jina la utani, mto, mti, wimbo wa bibi, na mtu wa kumwambia mlezi kwamba mzazi akipatikana, yeye hafutwi. Msalaba Mwekundu kwa miaka mingi umebeba barua fupi zisizofungwa, zenye habari za jamaa tu, kutoka kambi hadi kambi na nchi hadi nchi. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, picha za watoto wadogo wasiojua majina yao zilibandikwa makambini ili macho ya mama yasome pasipo maandishi. Kazi hizo ni za pole pole. Na mtoto anayerejea kwa mzazi aliyemsahau anahitaji muda pia: barua kwanza, kisha picha, kisha ziara, ndipo safari, na baada ya safari, mtu wa kwenda kumjulia hali. Kumtoa mtoto kwa mlezi asubuhi moja ni kumtenga na mama mara ya pili.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, Na. 21 ya mwaka 2009, inampa kila mtoto haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi na jamaa zake, nayo inakataza mtu kumnyima haki hiyo. Malezi ya muda katika familia nyingine yameitwa malezi ya kambo. Masikio ya pwani hushituka kidogo, kwa kuwa ngano zetu zimemtwika mama wa kambo kila ukatili. Zanzibar, katika Sheria ya Mtoto Na. 6 ya mwaka 2011, kumetambuliwa pia kafala, malezi ambayo mtoto hulelewa kwa mapenzi yote ya nyumba, na nasabu yake ikabaki ya baba yake. Maneno ni mawili, lakini msingi ni mmoja: moyo wa mlezi uwe wazi kwa mtoto, na mlango uwe wazi kwa mzazi.

Waliobaki Katumba na Mishamo leo ni raia, na watoto wao wamezaliwa hapo. Wengi hawataondoka, na hawana deni la kuondoka. Lakini hata asiyerudi anahitaji kujua ni wapi asikorudi. Mlezi aliyemwambia mtoto jina la kilima hakumfukuza nyumbani kwake; alimpa nyumba mbili, na hiari ya kuchagua. Amana iliyotunzwa hivyo haimpungukii mlezi. Mtoto aliyejua tangu utoto kwamba hakuibwa, hana sababu ya kumkana aliyemlea.