Bonge, sogea nyuma

Wiki jana mhariri alinipa kazi niliyoiona nyepesi: nikawaulize vijana kwa nini wanahangaika kupunguza mwili. Basi Jumamosi alfajiri nikawa Coco Beach, muda ule vikundi vya mchakamchaka vinapita na fulana zao za rangi moja, wanaimba. Nikarudi na daftari limejaa.

Nilitegemea kusikia habari za presha na kisukari. Wapi! Dada mmoja ana sendofu mwezi ujao na gauni limeshashonwa. Jamaa mwingine kaachwa, anataka siku wakikutana yule aliyemwacha ajute. Mwingine aliona picha yake ya harusini kwenye simu ya mtu, akauliza huyu nani. Afya nayo ilitajwa, lakini kwa sauti ile ya mtu anayejua anahojiwa. Nikilifunga daftari ndipo stori za gauni zinaanza.

Sikuwacheka, kwa sababu na mimi nina yangu.

Mwanzoni mwa 2024 nilikuwa na kilo 88, na urefu wangu ni mita 1.70. Chukua uzito, gawanya kwa urefu mara urefu, unapata 30.4. Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 25 umezidi, kuanzia 30 huo ni unene uliopitiliza. Hesabu hii ilianza na Mbelgiji mmoja wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, mtu wa takwimu na wala si daktari, ndiyo maana haijui kama kilo zako ni misuli au chipsi mayai. Zangu zilikuwa chipsi mayai. Ukitoka chumba cha habari saa nne usiku, niambie nani anakuuzia mchicha.

Sasa sikia. Baba yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari mwaka 2021. Mimi ndiye niliyekuwa naye hospitali. Daktari alinitazama tumbo, akasema, "Na wewe kijana jiangalie, hii kitu huwa inatembea kwenye ukoo." Nikaitikia kwa adabu zote. Jioni ile ile nikala chipsi. Nikaendelea kuzila miaka mitatu.

Kilichonitoa kitandani ni konda. Nilikuwa nadandia daladala Mwenge, nimeongozana na dada mmoja ambaye nilikuwa najitahidi anione mtu wa maana. Konda akapiga kelele, "Bonge, sogea nyuma, umeziba mlango!" Gari zima likacheka. Yule dada naye akacheka, tena akajifanya anakohoa. Kesho yake saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa barabarani nakimbia.

Jamani, mguu wa baba umeshindwa, neno la konda limeweza. Nimelifikiria sana hili na bado linanitia aibu. Nadhani kisukari nilikiweka mbali, huko kwenye miaka hamsini, wakati kicheko kilikuwa pale pale mlangoni. Lakini aibu nayo haina mwongozo. Wiki ya tatu ilinipeleka kwenye majani ya kukata tumbo yanayouzwa barabarani, nikashinda chooni siku mbili. Nikaacha, nikarudi kwenye maharage na kukimbia.

Desemba nikaenda nyumbani Bukoba na kilo 76. Nilitaka kusifiwa, nisidanganye. Mama akanipakulia ndizi, akakaa ananitazama bila kusema kitu. Akaniongeza. Usiku akaja akakaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Mwanangu, umepima?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoa huu huu wa Kagera, mwaka 1983, na watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakivuka mpaka kutoka Uganda. Mama aliwazika kaka zake wawili. Wote walitoka mjini wamepungua, wakasema ni kazi nyingi. Mimi nilizaliwa mambo yakianza kutulia, kwangu wembamba ni suruali ya saizi 32. Kwake ni mlango wa kaburi.

Asubuhi tukaenda zahanati wote wawili. Nikapima, nikampa karatasi aisome mwenyewe. Akaikunja, akaitia kwenye kanga, akaniambia twende nyumbani ukale.

Baba alikuwa barazani na magongo yake. Akauliza nakimbia umbali gani. Nikamwambia kilomita tano. Akasema vizuri, akafurahi kabisa, akasema afadhali mmoja wetu alimsikiliza yule daktari.

Sikumwambia habari za konda.