Benchi la Kliniki, Eastlands

Saa moja asubuhi, katika kituo kimoja cha afya kati ya Umoja na Kayole, Nairobi, mabenchi yameshajaa. Kuna kina mama wenye watoto mgongoni, na fundi wa jua kali aliyefunga kidole kwa kitambaa. Shosho mmoja amekumbatia kijitabu chake cha kliniki ya presha.

Hapa kutibiwa ni bure. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya bima ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, zahanati na vituo vya afya viliwekwa chini ya mfuko wa afya ya msingi unaogharimiwa na serikali. Mgonjwa anatakiwa kujisajili tu.

"Shosho, namba ya kuthibitisha usajili imeingia kwa simu?" sista anamuuliza.

"Simu ni ya mjukuu wangu, na ameenda mjengo."

Sista anampigia mjukuu. Anapokea mara ya tatu, kelele za zege nyuma yake, anasoma tarakimu moja moja. Shosho anapimwa presha. Dawa moja anapewa, ya pili anaambiwa akanunue kwenye duka la dawa.

Nimekaa karibu na mama mboga, na hofu yake si kliniki hii. Anaogopa siku atakayolazwa hospitali kubwa, kwa sababu kitanda cha huko kinataka bima iliyolipiwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, hata hasikii. Yeye kiwango chake cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila anadaiwa za mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600.

"Sukuma nauza kwa siku, nyumba nalipa kwa mwezi," ananiambia. "Hii ya mwaka nitaitoa wapi, ndugu yangu?"

Ukipiga hesabu ya mwaka, NHIF ya 500 kwa mwezi ilikuwa ghali zaidi. Lakini kwa miaka mingi ililipika, maana ilikuja mwezi kwa mwezi kama kodi ya nyumba. Sasa upo mkopo wa Lipa SHA Pole Pole, na bado mama huyu anaukwepa. Madeni anayo tayari, ya sokoni na ya chama.

Sioni kwa nini mtu akope ili awe na bima. Eastlands inaishi kwa kipato cha siku. Mchango nao upokewe kwa siku au kwa wiki, moja kwa moja. Nawe msomaji, kama umemsajili mzazi wako kwa namba yako ya simu, siku yake ya kliniki simu hiyo iwe karibu.