Darubini ya kwanza kwa bajeti ya Isiolo

Leo hakuna mambo ya programu wala hifadhidata. Tangu niliposema kwamba nimenunua darubini, maswali yamekuwa mengi kuliko hata yale ya simu zilizojaa virusi. Umenunua pesa ngapi? Inavuta mara ngapi? Ile bendera ya Wamarekani mwezini inaonekana? Nijibu yote kwa mkupuo mmoja, nikianza na hilo la mwisho: bendera haionekani, na si kwa darubini yangu tu. Hakuna darubini iliyo hapa duniani inayoweza kuona kitu kidogo hivyo mwezini.

Haya, twende kazi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Tukisema "darubini" tunataja vitu viwili. Kuna ile ya macho mawili, wanayoning'iniza shingoni watalii wanaopita hapa mjini kwenda Samburu na Buffalo Springs. Halafu kuna ile ndefu ya jicho moja inayosimama kwa miguu mitatu. Mimi nilinunua zote mbili, na ya macho mawili nilianza nayo. Sababu inakuja.

Bajeti yangu ilikuwa shilingi 18,000. Zilitoka kwenye kazi moja ya kuandika mfumo wa stoo wa mfanyabiashara fulani, na kwa mtu anayelipwa kazi ikipatikana, hizo si pesa za kuchezea. Mama alipiga hesabu papo hapo: "Hao ni mbuzi wawili wazuri, mwanangu, na chenji inabaki." Kwetu mbuzi wengi walikufa katika ukame ule wa misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022. Kwa hiyo mama hakuwa anatoa mfano. Alikuwa anazungumzia mbuzi. Ilinibidi kila shilingi iwe na sababu, na ndiyo maana nilisoma karibu miezi mitatu kabla ya kutuma M-Pesa kwa mtu yeyote.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kutoogopa namba. Ukitafuta darubini ya bei nafuu utakutana na boksi lenye picha ya Zohali yenye rangi tele, na maandishi makubwa: HUKUZA MARA 525! Ipite tu. Ukuzaji ni hesabu ya kugawanya. Chukua urefu wa fokasi wa darubini, ugawanye kwa urefu wa fokasi wa ile lenzi ndogo unayoweka jicho. Darubini yangu ina milimita 700. Nikiweka lenzi ya milimita 25 napata mara 28, nikiweka ya milimita 10 napata mara 70. Muuzaji anaweza kukutilia lenzi ndogo zaidi na kuandika namba yoyote anayotaka. Lakini utakachoona ni kama picha ndogo uliyoivuta kwenye simu mpaka ikajaa skrini: kubwa, ina ukungu, na hakuna kipya ndani yake.

Kinacholeta habari mpya ni mwanga, na mwanga unaingia kwa kadiri ya upana wa lenzi au kioo cha darubini. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka kama milimita 7. Lenzi ya milimita 70 ni pana mara 10 zaidi, kwa hiyo eneo lake ni mara 100, na mwanga inaokusanya ni mara 100. Kanuni ya kukumbuka ni hii: ukuzaji wenye maana haupiti mara mbili ya upana kwa milimita. Milimita 70, basi mwisho ni mara 140, tena usiku hewa ikiwa imetulia kabisa. Swali la kumuuliza muuzaji si "inavuta mara ngapi" bali "ina upana wa milimita ngapi". Akishindwa kujibu, mwage kwaheri.

Sasa lile ambalo makala nyingi za Ulaya na Marekani hazitakuambia. Sisi watu wa programu tunajua habari ya mipangilio ya awali: aliyeiandika alimfikiria mtumiaji anayefanana naye. Darubini nazo ni hivyo hivyo. Darubini nyingi za wanaoanza huuzwa na stendi yenye mhimili ulioinama na uzito wa chuma upande wa pili, iitwayo stendi ya kiikweta. Jina hilo lisikudanganye! Mhimili wake lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, yaani pale nyota zote zinapoonekana kuzunguka. Ukiwa London ncha hiyo iko juu, kama digrii 51 kutoka upeo wa macho. Isiolo tuko digrii 0 na dakika 21 tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kaskazini imelala chini kabisa kwenye upeo wa macho, ndani ya vumbi, na ile Nyota ya Kaskazini wanayokuambia uilenge huioni. Mhimili itabidi ulale karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi za bei nafuu hazishuki kiasi hicho, na ukizilazimisha ule uzito unagonga miguu. Kwa ufupi, stendi ya kiikweta ya bei nafuu haifai kwetu tunaoishi kwenye ikweta.

Chukua stendi ya kawaida: juu na chini, kushoto na kulia, basi. Kuna muundo mmoja wa mbao unaotokana na kazi ya John Dobson wa San Francisco, mtawa wa zamani aliyekuwa akiweka darubini zake kando ya barabara ili wapita njia watazame bure. Ni sanduku linalozunguka juu ya ubao. Fundi yeyote wa mbao hapa mjini akionyeshwa mchoro anaweza kulitengeneza.

Je, ya lenzi au ya kioo? Kwa pesa ile ile, ya kioo hukupa upana mkubwa zaidi, na milimita 130 hukusanya mwanga zaidi ya mara tatu ya milimita 70. Lakini kioo kinahitaji kupangwa upya kikitikiswa, na mirija mingi ya kioo iko wazi mbele. Nikafikiria njia za huku nje ya lami, nikafikiria upepo na vumbi letu, nikachagua ya lenzi, iliyofungika. Hesabu ilikuwa hivi: ya macho mawili, 10x50, ya mkono wa pili, shilingi 4,500. Ya lenzi, milimita 70 kwa 700, ya mkono wa pili pia, shilingi 11,000. Miguu yake ilikuwa ya bati jepesi, ukigusa tu nyota inacheza kama iko kwenye matatu. Fundi akanitengenezea miguu ya mbao kwa shilingi 2,500. Jumla 18,000, na chenji haikubaki.

Ukinunua ya lenzi hapa kwetu, hakikisha ina kile kioo cha pembe kinachopinda njia ya mwanga ili utazamie kwa ubavu. Huku Orioni hupita karibu utosini, na sayari nazo hupanda juu sana. Bila kioo hicho utalala chali mavumbini na shingo itakukoma.

Halafu kuna kitu kimoja cha kutupa. Darubini nyingine huja na kichujio kidogo cheusi cha kutazamia jua, kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho. Kivunje, ukitupe. Joto la jua linakusanyika hapo hapo na kinaweza kupasuka jicho likiwa limeegemea. Usielekeze darubini yoyote kwenye jua, na watoto wasiachwe nayo mchana.

Tuje kwenye kutumia. Katikati ya mji zile taa ndefu za mulika mwizi zinafuta nusu ya anga. Mwezi na sayari bado utaziona vizuri, kwa hiyo anza nyumbani tu. Tazama mwezi ukiwa nusu, si ukiwa mpevu: kwenye mpaka wa mwanga na giza vivuli vinaonyesha milima na mashimo. Mshtarii kwa mara 28 tayari ni duara, pamoja na miezi yake minne ambayo Galileo aliiona Januari 1610 kwa chombo kidogo kuliko hiki. Pete za Zohali zinaonekana kwa mara 70, ndogo lakini kali. Kama ulitazama 2025 ukaona mstari tu, usilaumu darubini: Machi mwaka huo pete zilikuwa zimetugeukia ubavu, na katika miaka inayofuata zinafunguka polepole.

Kwa nyota zenyewe huwa naenda kwa babu, upande wa Kulamawe. (Usiende porini peke yako usiku, fisi hawajui astronomia.) Simu ina Stellarium, programu ya bure. Iweke Isiolo, washa hali ya usiku yenye rangi nyekundu, kisha yape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza.

Babu ni Mborana, na hahitaji Stellarium. Kalenda ya Waborana, ambayo msomi Asmarom Legesse aliieleza katika kitabu chake cha 1973 kuhusu Gada, huhesabu miezi kwa kutazama mwezi unavyokutana na nyota au makundi saba ya nyota, kuanzia Lami hadi Basa, ambayo Wazungu huiita Sirius. Kimojawapo ni Busan, ambacho kwa Kiswahili ni Kilimia. Watu wa pwani nao walipangia kilimo kwa kundi hilo hilo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Niliwahi kumuuliza babu kama nyota zilikosea miaka ile ya ukame. Akasema hapana, kila moja ilifika kwa zamu yake, mvua ndiyo haikufika.

Na hapa ndipo ile ya macho mawili ilipolipa deni lake. Kilimia kina upana kama wa miezi minne iliyopangwa mstari. Darubini ndefu inakikata, lakini 10x50 inakishika chote. Babu amehesabu nyota sita hapo maisha yake yote. Nilimkalisha kwenye kiti, viwiko vikiwa magotini ili mikono isitetemeke, akatazama. Zilikuwa nyingi, makumi. Akanyamaza muda, kisha akauliza: "Na hizi nyingine, zilikuwa wapi?" Nikamwambia zilikuwepo, na kwamba mwanga aliokuwa anauona ulitoka huko miaka kama 440 iliyopita. Akasema sawa, lakini akaendelea kutazama, na mimi nikakosa zamu.

Usiku huo huo, Desemba, tulitazama galaksi ya Andromeda upande wa kaskazini na Wingu Kubwa la Magellan upande wa kusini. Mtu wa London halioni hilo la pili hata akinunua darubini ya milioni. Sisi tunaona pande zote mbili, na huko kwa babu bado kuna giza la kutosha. Hicho ndicho kitu ghali katika kazi hii, na hakuna anayekuuzia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama una shilingi 5,000, nunua ya macho mawili uishie hapo, hujapungukiwa. Kama una zaidi, ongeza lenzi ya milimita 70 na miguu ya mbao. Kama huna kitu, mtafute mzee anayezijua nyota, ukae naye nje usiku mmoja usio na mwezi, uandike majina anayokuambia. Darubini bado zitakuwepo sokoni ukipata pesa.

Wiki ijayo narudi kwenye hifadhidata. Usiku mwema!