Nyumba si kitenge

Mwaka 2011 bwana yangu alirudi Mweso kutoka Rubaya, ambako alikuwa anachimba koltani. Alileta mikebe mitatu ya rangi ya mafuta: nyekundu, buluu na kijani. Akasema: «Mama, sasa nyumba yetu itajulikana!» Mimi nilinyamaza. Minervali ya watoto wawili ilikuwa haijalipwa.

Nyumba yetu ni ya miti na udongo, madirisha ni madogo. Tulianza ku chumba cha watoto, tukapaka kuta mbili nyekundu. Chumba kikawa giza. Hata mchana mtoto aliwasha taa ili asome. Kumbe rangi nzito inameza mwanga, nyeupe inaurudisha.

Siku mbili hatukusemezana vizuri. Ndipo mama mkwe akatuita: «Wanangu, nyumba si kitenge. Kitenge mnakivua jioni, lakini ukuta mnalala nao.»

Bwana yangu akacheka, akakubali. Mikebe miwili isiyofunguliwa tuliuzia jirani, makuta ikalipa minervali. Iliyobaki tukanunua chokaa. Kuta nyekundu tulizikwangua na kuzipaka udongo upya, maana chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta. Tuliiloweka chokaa usiku mzima, tukaichuja, tukatia chumvi kidogo ili ishike, tukapaka mara tatu. Watoto walikaa mbali, sababu chokaa inaunguza macho. Chini, mpaka urefu wa metre moja, tulipaka udongo wa kahawia, kwani huko ndiko mikono ya watoto na potopoto vinafika. Ukichafuka, tunapaka tena bila kutoa hata franga moja.

Vijana, musiseme ni umaskini. Ku Lamu, nyumba za mawe za zamani zilipakwa chokaa nyeupe ndani. Kule Rwanda ya mashariki, mapambo ya imigongo yanafanywa kwa mavi ya ng'ombe na majivu, na rangi zake za kale ni chache: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Watu wanatoka mbali kuyatazama.

Na ule mkebe mwekundu? Tulipaka nao kiti kimoja tu, kiko saluni. Kila mgeni akiingia anakisifu, na bwana yangu hakubali mtu mwingine akikalie.