Safari ya Kaka na Wifi Katika Miji ya Kale ya Ulaya

Wahenga walisema, "Tembea uone." Methali hii nimeiandika katika insha tangu darasa la nne, lakini nakiri kwamba sikupata kuijua maana yake mpaka mwisho wa mwaka 2024, na aliyenifundisha ni mtu ambaye nilikuwa simpendi. Mtu huyo ni wifi yangu. Nawaomba wasomaji wa gazeti letu mnivumilie niwasimulie tangu mwanzo, ingawa si habari ya kunipa mimi sifa.

Kwetu ni Kilwa Masoko. Kaka yangu mkubwa anasoma uhandisi katika mji wa Dresden, nchi ya Ujerumani, na mwaka 2023 alioa binti wa Kihaya kutoka Bukoba, muuguzi, ambaye naye anafanya kazi huko huko. Sisi ni Waislamu, naye ni Mkatoliki. Harusi ilifanywa, wali ukaliwa, lakini maneno ya chini chini hayakwisha. Shangazi alisema mtoto wetu ametekwa. Mimi nilikuwa kidato cha pili wakati ule, nami nikaamini.

Basi katika likizo fupi ya Septemba 2024 nilipofika nyumbani, mama alinionyesha picha katika simu yake. Kaka na wifi walikuwa wamesimama juu ya daraja la mawe, kila mmoja na shanta kubwa mgongoni, wanacheka. Mama akasema, "Tazama wenzio, kama wachukuzi wa bandarini. Ati wanatembea kutazama miji ya zamani." Wakati ule nyumba ya bibi ilikuwa inavuja mwaka wa tatu. Makuti yalikuwa yameoza, na usiku wa mvua bibi alipanga masufuria sakafuni, akahamisha kitanda chake kutoka pembe moja hadi nyingine.

Niliporudi shuleni nilikaa nikaandika barua. Nilimwambia kaka kwamba kabla hajaoa alikuwa mtu mwenye huruma, na kwamba mwanamke asiyeujua uchungu wa nyumba yetu ndiye anayemfundisha kula fedha kwa miguu. Niliibandika stempu nikaituma. Jibu halikuja.

Mwezi wa Desemba walikuja wenyewe. Wifi alinisalimu vizuri, wala hakutaja barua. Siku ya pili aliniita ukumbini akanipa daftari la kurasa mia moja, akasema, "Wifi, wewe ni msomaji. Soma hili, kisha tutazungumza." Nilidhani ni maandishi ya kaka. Kumbe mwandiko wote ulikuwa wake.

Daftari lilianza na hesabu. Walikuwa wameweka akiba kwa miezi kumi na minne, fedha za zamu zake za usiku hospitalini, wakapata Euro 1,400, yaani zaidi kidogo ya shilingi milioni nne. Kwa kuwa wote wawili ni wakazi wa Ulaya, waliweza kununua tikiti iitwayo Interrail, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya vijana, ambayo kwayo mtu hupanda treni katika nchi 33 bila kukata tikiti kila kituo. Hata hivyo treni za kasi za Hispania zilitaka malipo ya ziada ya kuwekewa kiti. Kila shanta ilikuwa na uzito wa kilo tisa: nguo za kubadili tatu, taulo, sufuria ndogo na mchele. Walilala katika mabweni ya wasafiri, wanawake chumba chao na wanaume chumba chao, kama sisi hapa shuleni, na asubuhi walikutana mlangoni kama wachumba.

Mji wa kwanza ulikuwa Prague, na lile daraja nililoliona katika picha ni Daraja la Charles. Lilianza kujengwa mwaka 1357, lina urefu wa mita 516, na limepambwa kwa sanamu 30. Katika uwanja wa mji ipo saa ya ukutani iliyowekwa mwaka 1410. Kila ifikapo saa kamili sanamu za mitume hupita dirishani, na kiunzi cha mifupa ya mtu huvuta kamba ya kengele, kuwakumbusha watu mauti. Wifi aliandika kwamba watu wote waliinua simu zao kupiga picha, na huenda hakuna aliyesikia alichoambiwa na yule kiunzi.

Katika treni ya kutoka nchi moja kuingia nyingine, askari waliingia behewani. Abiria walikuwa zaidi ya arobaini. Askari waliwapita wote wakawasimamia hao wawili tu, wakazitazama pasi zao mbele na nyuma, wakafungua mashanta, wakatoa mpaka sufuria ya mchele. Hawakupata kosa, wakaenda zao. Hapo wifi aliandika mstari mmoja tu: "Mume wangu alikunja nguo zangu upya, moja moja, wala hakusema neno." Niliposoma mstari huo niliona haya kwa mara ya kwanza.

Venice aliieleza kwa kurasa sita, kwa sababu aliona ni mji wa watu wanaoijua bahari kama sisi. Umejengwa juu ya visiwa zaidi ya mia, una madaraja zaidi ya mia nne, na ndani yake hakuna motokaa. Majumba yale makubwa ya mawe yanasimama juu ya magogo yaliyopigiliwa katika tope, nayo hayaozi upesi kwa kuwa yamezama mahali pasipofikiwa na hewa. Kaka alikaa ukingoni saa nzima akimweleza mkewe habari za boriti za mikoko zilizokuwa zikipakiwa majahazini pwani yetu kwenda Arabuni kuezekea nyumba. Lakini wageni ni wengi mno kuliko wenyeji, hata mwaka ule wa 2024 mji ulianza kuwatoza wageni wa kutwa ada ya Euro 5 katika siku fulani. Huko ndiko walikogombana. Wifi alikuwa na malengelenge miguuni, anataka wapumzike mkahawani. Kaka akasema kahawa moja ni bei ya chakula cha siku. Walitembea mitaa mitatu bila kusemezana, kisha wakapotea, na kwa kuwa waliona hakuna mwingine wa kumwuliza njia, ikawapasa kupatana.

Kutoka hapo walivuka mpaka Hispania, wakafika Cordoba. Upo pale msikiti mkubwa ulioanza kujengwa karibu na mwaka 785 na Amiri Abd al-Rahman wa Kwanza. Una nguzo zaidi ya 850, na juu yake matao ya rangi nyekundu na nyeupe, safu kwa safu, mpaka macho yanachoka. Mwaka 1236 Wakristo waliuteka mji, wakaugeuza msikiti kuwa kanisa, na katika karne ya 16 wakajenga kanisa refu katikati ya nguzo zile. Mpaka leo ni kanisa, na Waislamu hawaruhusiwi kusali humo. Wifi aliandika hivi: "Mimi naweza kupiga magoti hapa, naye hawezi. Nikaona si adabu kupiga magoti peke yangu. Tukakaa kwenye benchi."

Sasa nafika katika jambo lililonifanya niandike makala hii. Kutoka Sevilla hakuna treni ya moja kwa moja kwenda Lisbon, kwa hiyo walipanda basi. Lisbon ni mji wa vilima, ulioangushwa na tetemeko la ardhi tarehe 1 Novemba 1755 ukajengwa upya. Katika mtaa wa Belém walitazama kanisa la Jerónimos, ambamo amezikwa Vasco da Gama, yule tunayemsoma katika somo la Historia. Kesho yake mvua ilinyesha, wakaingia katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kale, zaidi kwa kukimbia mvua kuliko kutafuta elimu.

Ndani ya kioo wifi aliona monstransi ya dhahabu. Kwa wasiojua, hicho ni chombo ambacho Wakatoliki huwekea mkate wa Ekaristi wakauabudu. Ilikuwa imefanyizwa kwa ufundi wa ajabu, na sanamu za mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuizunguka, zimepakwa rangi. Wifi aliinama kwa heshima kama afanyavyo kwao kanisani. Kisha akasoma maelezo. Yalisema kwamba Mfalme Manuel wa Ureno aliamuru chombo hicho kifanyizwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506. Maneno hayo yamechorwa pia chini ya chombo chenyewe, na fundi wake anatajwa kuwa Gil Vicente.

Habari yake ni hii. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa Kisiwani na merikebu za mizinga, akamtisha mtawala wa mji, Amiri Ibrahim, mpaka akakubali kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Dhahabu hiyo ilitoka bara, upande wa Zimbabwe, ikipitia Sofala, na biashara yake ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Mwaka 1505 Wareno walirudi na Francisco de Almeida, wakaupiga mji na kuupora. Mwaka uliofuata fundi alikuwa amemaliza kazi yake Lisbon.

Wifi alimgeukia kaka akamwuliza, "Kilwa hii ni ya kwenu?" Kaka alisoma maelezo mara mbili. Akamwuliza tena, "Mji wenyewe ukoje?" Hapo kaka yangu, mzaliwa wa Masoko, ambaye tangu utotoni alikitazama kisiwa kile ng'ambo ya maji kila asubuhi, hakuwa na la kujibu. Hakupata kuingia katika magofu yale hata siku moja. Alikuwa amevuka nchi sita na shanta mgongoni kutazama miji ya kale ya watu, na wa kwao hakuuona. Penye miti hakuna wajenzi.

Nilifunga daftari, nami nikajiuliza swali lile lile. Jibu langu lilikuwa kama la kaka.

Jioni ile nilikwenda jikoni alikokuwa wifi akimenya ndizi, nikamwambia, "Wifi, nisamehe kwa ile barua." Akajibu, "Nilikuwa nikingoja uzungumze wewe kwanza. Nililia, lakini la paa ulisema kweli." Kaka naye, nilipomwuliza mbele ya mama, hakujitetea. Alisema, "Paa lilipasa kutangulia. Bati zitakuja." Zilikuja mwezi wa Machi 2025. Hata hivyo siwezi kusema hesabu yao ilikuwa ya haki. Mabonde mawili ya mvua yalipita juu ya kitanda cha bibi, na fedha zilikuwapo.

Lakini bibi mwenyewe aliamua kesi kwa njia yake. Usiku ule wifi alimsimulia habari ya dhahabu, naye alisikiliza mpaka mwisho, akamtaka arudie habari za wale mitume wadogo. Kisha akasema, "Paa nimelikosa miaka mitatu. Habari hii nimeikosa miaka sabini." Tangu siku hiyo alimwita wifi "mwanangu," na shangazi akanyamaza.

Kabla hawajaondoka tulipata kibali, tukapanda mashua sisi watatu tukavuka kwenda Kisiwani. Si mbali, kama kilomita mbili tu. Nilibeba shanta ya wifi, ndani yake maji na mihogo ya kuchemsha. Tuliiona Gereza ufukweni, tukaingia katika Msikiti Mkuu, ambao ulianza kujengwa katika karne ya 11 na kuongezwa katika karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye sarafu yake ilipatikana Zimbabwe Kuu. Tukasimama kati ya nguzo zake na matao, chini ya kuba zilizobaki. Wifi akasema kwa sauti ndogo, "Cordoba." Kaka alitazama kibla, akavua viatu, akasali rakaa mbili. Safari hii wifi ndiye aliyekaa pembeni akimngoja, na mimi nikakaa naye.

Wenzangu wanafunzi, wengi wetu tunaota kwenda Ulaya, wala si dhambi. Nami natumaini siku moja kusimama mbele ya kile kioo cha Lisbon. Lakini kila mmoja wetu hapa bwenini ametoka mahali, na mahali pale pana boma, au kaburi, au mzee ambaye hajaulizwa kitu. Likizo ya Juni inakaribia. Nauli ya kuvuka kwenda Kisiwani ni ndogo, na anayetaka kufuatana nami aniambie kabla shule haijafungwa.