Reli ya Mezani Iliyonirudishia Kazi Yangu

Ninachoshuhudia hapa wazee wenzangu wa reli watakielewa upesi. Nilipostaafu kazi ya shantingi, yaani kupanga mabehewa, katika yadi ya Mbeya ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nikarudi nyumbani Tukuyu, wilayani Rungwe, mikono ilipumzika lakini akili ilikosa pa kushika. Rungwe hakuna reli. Kuna chai, ndizi, maziwa, mvua, na malori yanayopanda kutoka Kyela kwenda Uyole. Shikamoo nilizipata nyingi, ila hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini hasa. Ukisema ulikuwa reli, watu wanadhani uliendesha treni. Nikawa mkimya, mwepesi wa hasira, hadi wajukuu wakawa wanakipita mbali kibaraza changu.

Njia ya TAZARA ina kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, na ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Miaka yote hiyo mzigo haujawahi kwenda popote kabla mtu wa yadi hajaupanga. Behewa la kuachwa Makambako likae nyuma tu ya kichwa cha treni. La Dar es Salaam lifuate. Treni ikifika Makambako, lile la kwanza linakatwa pale mbele, kichwa kinalisukuma njia ya pembeni, kinarudi kushika treni, safari inaendelea. Ukikosea mpangilio Mbeya, wenzako watahangaika Makambako usiku kucha.

Mpwa wangu, fundi simu hapa mjini, ndiye aliyenionyesha mchoro wa yadi ndogo ya kuchezea mezani, wa Mwingereza mmoja, Alan Wright. Yadi yake ina pointi mbili za kubadili njia, na njia tatu basi. Njia moja inabeba mabehewa matano, mbili zilizobaki matatu kila moja. Kipande cha kichwa kuvutia mabehewa kinatosha kichwa na mabehewa matatu. Mabehewa yote ni manane. Unaokota majina ya mabehewa matano kwa kura, kisha unayapanga treni kwa mfuatano ule ule wa kura. Nilipouona nilisimama. Ile ilikuwa asubuhi yoyote ya yadi yetu, imekunjwa ikaenea mezani.

Nikajijengea yangu, nikipima kila kitu kwa behewa. Langu lina sentimita 12 pamoja na ndoano zake, kichwa 14. Kwa hiyo njia ndefu ni sentimita 60, fupi 36, na kipande cha kuvutia 50. Ukiongeza pointi, ubao wa sentimita 140 kwa 30 unatosha, na unaingia chini ya kitanda. Reli nimetumia spoku za baiskeli juu ya mataruma ya mianzi. Magurudumu alinikerezea fundi seremala, yenye ukingo upande wa ndani kama ya kweli. Umeme hakuna, kichwa kinasukumwa kwa kidole. Kilichonisumbua ni ulimi wa pointi. Ubao wa paina ukinyonya unyevu wa Tukuyu unavimba, ulimi unagoma kulala kwenye reli, behewa linaanguka. Nikapiga vanishi juu, chini na pembeni, nikaupa ulimi msumari mmoja wa kuzungukia, ukatulia.

Jirani aliniambia, "Mzee, si uongeze reli kidogo? Nafasi ndogo mno." Nikakataa, na bado nakataa. Njia zile tatu zina nafasi 11 kwa mabehewa manane, na hizo tatu tupu ndizo zinazokulazimisha kufikiri. Refusha njia kwa behewa moja tu na kazi inalegea, mtu anasukuma bila kupanga. Yadi ya kweli nayo ni hivyo hivyo: haijawahi kuwa na nafasi ya kutosha, na ustadi wote wa mshantaji umo katika kujua lipi litangulie kutoka.

Mjukuu wangu wa darasa la sita alizidisha 8 kwa 7 kwa 6 kwa 5 kwa 4, akaja mbio. "Babu, treni zinaweza kuwa 6,720!" Nikamkabidhi bendera ya kijani na nyekundu. Sasa jioni kibaraza kinajaa watoto wa Bulyaga. Mmoja anashika pointi, mwingine kichwa, mwingine anatoa ishara, na hakuna behewa linalosogea kabla ishara haijatolewa. Hilo silegezi hata kwa wadogo, kwa sababu yadini mtu anayesimama kati ya mabehewa mawili hana nafasi ya pili. Hasira imeniisha. Nalala nikiwaza kura ya kesho.

Mstaafu mwenzangu, uwe Mbeya, Mlimba, Tabora au Morogoro, tafuta ubao. Pima behewa lako kwanza, ndipo uchore njia, na usiongeze hata nafasi moja. Watoto wa mtaani kwako hawajui ulikuwa unafanya kazi gani. Waite uwaonyeshe.